Agizo la Mdomo: Kisa cha Programu ya Mikataba Katika Saiti ya Igunga

Kampuni inayozungumzwa hapa ni ya ukandarasi wa majengo, ina ofisi Tabora mjini, na wakati wa kisa hiki ilikuwa ikijenga jengo la mafunzo wilayani Igunga kwa ajili ya taasisi isiyo ya kiserikali iliyopata ufadhili kutoka nje ya nchi. Kwa matakwa ya mfadhili, mkataba ulifuata masharti ya FIDIC (Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri) toleo la mwaka 1999, yale yanayotumika pale ambapo mwajiri, yaani mwenye mradi, ndiye aliyetoa michoro na kazi hulipwa kwa vipimo vya kilichojengwa. Kampuni ilikuwa imekwisha kununua programu ya kusimamia ujenzi na mikataba, yenye sehemu ya ratiba, ya stoo, ya hati za malipo, ya barua na ya kazi za ziada. Pamoja na hayo yote, ilichimba msingi kwa kina kilichozidi michoro, ikajaza moramu, ikalipa vibarua na malori, kisha ikakosa kulipwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwenye kampuni aliamini kwamba chanzo ni uvivu wa watu wa saiti kutumia programu, na hivyo ndivyo alivyonieleza aliponiita kuitazama. Nilipofuatilia sikuuona uvivu huo. Nilichokiona ni programu iliyobuniwa kana kwamba mkataba hutekelezwa ofisini.

Tuanze na tukio lenyewe. Igunga inapakana na kuchanganyika na mbuga ya Wembere, na katika maeneo mengi ya wilaya hiyo fundi anayefungua msingi hukutana na udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mitaro ilipochimbwa, upande mmoja wa jengo ulionekana kukaa juu ya udongo wa aina hiyo kwa kina kikubwa kuliko michoro ilivyodhani. Mwakilishi wa mhandisi mshauri alifika, akatazama, akamwambia fomeni achimbe mpaka akutane na udongo mgumu, aondoe udongo mweusi wote, ajaze moramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Alisema hayo akiwa amesimama ukingoni mwa mtaro, akaingia kwenye gari, akaondoka. Mvua za Msimu, ambazo mkoani Tabora kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba, zilikuwa zimekaribia, na mtaro wa udongo mweusi ukishajaa maji hakuna anayeuchimba. Fomeni aliagiza vibarua waongezwe, akachimba.

Kiutaalamu alifanya sawa. Kimkataba, saa ilikuwa imekwisha kuanza kuhesabu bila mtu yeyote kujua. Kifungu cha 3.3 cha masharti hayo kinakubali kwamba mhandisi anaweza kutoa agizo kwa mdomo, lakini kinampa mkandarasi siku mbili za kazi za kulithibitisha kwa maandishi. Akifanya hivyo, na mhandisi asipojibu kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi baada ya kupokea uthibitisho, basi ule uthibitisho wenyewe unakuwa ndilo agizo lililoandikwa. Ni kifungu chenye huruma kwa mkandarasi, kwa sababu kinamruhusu kugeuza maneno ya kando ya mtaro kuwa waraka bila kusubiri saini ya mtu mwingine. Huruma hiyo ina mlango mwembamba, hata hivyo, na ukishafungwa mkandarasi hubaki na mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuchimba kwa hiari yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwisho wa mwezi kampuni iliwasilisha maombi ya malipo yakiwa na ujazo wote wa uchimbaji na moramu. Mkadiriaji majenzi wa upande wa mshauri aliuliza agizo liko wapi. Hapakuwa na agizo. Kilichowaokoa kidogo ni fomu za ukaguzi wa msingi, ambazo mshauri alikuwa amesaini kabla zege halijamwagwa katika baadhi ya mitaro, na ambazo zilitaja kina. Mitaro yenye fomu hizo ililipwa. Iliyobaki ilihesabiwa kuwa mkandarasi amechimba kupita kiasi kwa gharama yake mwenyewe.

Sasa turudi kwenye programu. Mwenye kampuni alinionyesha, kwa haki kabisa, kwamba ilikuwa na sehemu maalumu ya kazi za ziada, yenye hata barua ya mfano ya kuthibitisha agizo la mdomo. Swali ni kwa nini sehemu hiyo ilibaki tupu. Nilimwomba fomeni anionyeshe, palepale saiti, jinsi ambavyo angeweza kuingiza agizo lile. Alifuta vidole kwenye suruali, akatoa simu, akaigeuza mgongo kwa jua kwa sababu maandishi ya kijivu juu ya weupe hayakuonekana kabisa, akaingia. Ukurasa wa kwanza ulimletea grafu ya maendeleo ya miradi yote ya kampuni, ambayo yeye hahitaji, na ambayo ilivuta data huku mnara wa simu ukionyesha kijiti kimoja. Alipofika kwenye kazi za ziada aliambiwa hana ruhusa. Sehemu hiyo ilifunguliwa kwa akaunti ya meneja mradi peke yake. Meneja yuko Tabora, na kutoka Igunga kwenda Tabora ni safari ya kupitia Nzega.

Tukaazima akaunti ya meneja ili tuendelee. Fomu ilidai mambo matatu kabla ya kukubali kuhifadhi: namba ya kipengele katika jedwali la vipimo na gharama, makadirio ya fedha, na idadi ya siku zitakazoongezeka. Fomeni alinitazama. Kati ya hayo matatu hakuna hata moja ambalo yeye alikuwa na wajibu wa kulijua, na mawili kati yake hata mkadiriaji majenzi mwenyewe asingeyajua mpaka udongo mgumu upatikane. Mambo aliyoyajua kwa uhakika, yaani nani alisema, alisema nini, saa ngapi, mbele ya nani, katika mtaro upi, hayakuwa na nafasi katika fomu ile, isipokuwa kisanduku kimoja cha maelezo mwishoni ambacho hakikuwa cha lazima. Aliyebuni fomu alikuwa amefikiria hatua ya mwisho ya kazi ya ziada, ile ya kuipangia bei, akaifanya iwe lango la hatua ya kwanza. Mhasibu anayetazama fomu hiyo ataiona imekamilika na nadhifu, lakini kwa mtu aliyesimama kando ya mtaro fomu hiyo ni ukuta.

Fomeni huyo, nisisitize, alikuwa mwandishi mzuri wa kumbukumbu. Alikuwa na kauntabuku lenye jalada gumu ambamo kila siku aliandika idadi ya vibarua, mifuko ya saruji iliyotumika, wageni waliofika na mvua iliyonyesha. Agizo lile lilikuwamo, kwa mwandiko wake, pamoja na jina la aliyelitoa. Kampuni ilikuwa na utaratibu kwamba kauntabuku lipigwe picha kila mwisho wa juma, litumwe kwa WhatsApp, na karani wa ofisini ayaingize yote kwenye programu. Karani aliyaingiza kwa uaminifu, lakini programu ilikuwa na tarehe moja tu, nayo ilijiandika yenyewe kwa siku ya kuingiza. Nilipotoa ripoti ya matukio ya miezi ile, niliona jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa na gharama: kwa mujibu wa programu, katika saiti ya Igunga mvua ilinyesha Jumamosi peke yake, saruji ilifika Jumamosi peke yake, na mwakilishi wa mhandisi alitoa agizo lake Jumamosi, siku ambayo kitabu cha wageni kilionyesha kwamba hakufika.

Kasoro hiyo ya tarehe naiona kuwa mbaya kuliko ile ya fomu. Fomu ngumu humzuia mtu kuandika, na anayezuiwa anajua kwamba amezuiwa. Tarehe inayojiandika vibaya huharibu kumbukumbu huku kila mtu akidhani iko salama. Katika mkataba wa aina hii tarehe ndizo uti wa mgongo: kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi anayedai muda au fedha za ziada atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio, na asipotoa hupoteza haki yote ya nyongeza. Baada ya hapo ana siku 42, zikihesabiwa tangu siku ileile, za kuwasilisha madai yenye maelezo kamili. Maneno yale ya “alipopaswa kujua” yana maana kubwa kwa mbunifu wa programu, kwa sababu fomeni anapoona, inaweza kuhesabiwa kwamba kampuni imeona. Programu inayoanza kuhesabu siku pale karani anapobofya inaidanganya kampuni kuhusu muda iliobakiwa nao.

Kwa hiyo tulipoibuni programu upya, kila kumbukumbu ilipewa tarehe mbili katika toleo jipya: siku jambo lilipotokea, ambayo mtu huitaja, na siku lilipoandikwa, ambayo mashine huiweka na haibadiliki. Zikitofautiana, zote huonyeshwa, bila lawama na bila rangi nyekundu. Hesabu ya siku huanzia kwenye ile ya kwanza.

Upande wa saiti uliondolewa karibu kila kitu. Fomeni akifungua simu anaona vitufe vitatu vikubwa: “Nimeambiwa”, “Kimetokea” na “Kimefika”. Cha kwanza ni cha maagizo, cha pili ni cha mvua, ajali, kukatika kwa umeme, kuchelewa kwa michoro na mengineyo, na cha tatu ni cha vifaa. Akibofya “Nimeambiwa”, anaulizwa nani, na majina ya watu wa upande wa mshauri na mwajiri yako tayari ayachague. Kisha anaweza kuandika au kushika kitufe na kusema kwa sauti, kama anavyofanya kila siku WhatsApp. Kisha apige picha akitaka. Hakuna bei, hakuna namba ya kipengele. Kitu pekee cha lazima ni nani na nini. Ukubwa wa vitufe ulifuata kipimo ambacho Google inawashauri watengenezaji wa programu za Android, takribani milimita 9 kila upande, na sisi tukaongeza zaidi ya hapo, kwa kuwa kipimo hicho hakikuwazia kidole chenye saruji kavu. Maandishi yakawa meusi kabisa juu ya weupe. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti unaozingatia watu wenye uoni hafifu unataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na usuli, na mtu mwenye macho mazima aliyesimama kwenye jua la saa saba mchana wa Igunga ni mtu mwenye uoni hafifu kwa wakati ule.

Mtandao ulishughulikiwa kwa kudhani kwamba haupo. Kumbukumbu huhifadhiwa kwenye simu kwanza, na simu huipeleka yenyewe itakapopata mtandao, ikianza na maandishi, kisha sauti, na mwisho picha, ili bando dogo lisikwamishwe na picha ya lori la kokoto. Tulibishana kidogo kuhusu alama ya kuonyesha kwamba kumbukumbu imefika. Programu ya zamani ilitoa tiki ya kijani palepale, hata kama kitu kilikuwa bado kwenye simu, na mara programu ilipojifunga kitu kile kilipotea. Toleo jipya linasema wazi: “Iko kwenye simu yako” au “Imefika ofisini”.

Upande wa ofisi ndiko sheria ilikokaa. Kumbukumbu ya “Nimeambiwa” ikifika, meneja anaona rasimu ya barua ya uthibitisho pamoja na muda uliobaki. Rasimu hiyo ni ya Kiingereza kwa sababu mkataba wenyewe umetaja Kiingereza kuwa lugha ya mawasiliano, ilhali maneno ya fomeni yanabaki kwa Kiswahili kama alivyoyasema, yakiambatishwa bila kupambwa. Programu haitumi barua. Mwenye kampuni alitaka itume yenyewe, akisema kwamba ndiyo faida ya kompyuta, na nilimpinga kwa sababu mbili. Kwanza, barua ya namna hiyo ni hatua ya kisheria, na rasimu iliyotokana na sauti ya mtu aliye karibu na mashine ya kuchanganya zege inaweza kuwa na kosa. Pili, kifungu cha 1.3 kinataja njia ambazo mawasiliano hupelekwa: kwa mkono na kupata stakabadhi, kwa posta, kwa mtu wa kusafirisha barua, au kwa mfumo wa kielektroniki uliokubaliwa na kuandikwa katika kiambatisho cha zabuni. Katika mkataba huu kiambatisho hakikutaja mfumo wowote. Barua ambayo ingetumwa ndani ya programu ingeonekana imekwenda, na mbele ya mshauri ingekuwa haijaenda popote. Ndiyo maana barua ina hatua tatu, imeandikwa, imepelekwa, imepokewa, na hatua ya tatu haifunguki mpaka ipakiwe picha ya nakala yenye mhuri wa mpokeaji.

Sehemu iliyoleta ubishi mkubwa kuliko zote haikuhusu vitufe. Mwenye kampuni, baada ya kusoma kumbukumbu za wiki za mwanzo, alikuta fomeni ameandika kwamba kazi ilisimama asubuhi nzima kwa sababu saruji ya kampuni ilichelewa. Akaomba kitufe cha kufuta. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kumbukumbu hizi zinaweza kuombwa siku ya mgogoro, na hakuna mfanyabiashara anayependa kumlipa mtu aandike ushahidi dhidi yake. Hata hivyo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka, katika kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, itazamwe jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyolindwa usibadilishwe. Shajara ambayo mwenyewe anaweza kuifuta anapotaka haitamsaidia siku anayoihitaji. Tulikubaliana kwamba hakuna kinachofutwa. Anayetaka kusahihisha anaongeza maelezo chini, na ya mwanzo yanabaki yakisomeka. Sina hakika kwamba aliridhika, lakini alikubali, na nadhani alichokikubali hasa ni kwamba mhandisi mshauri naye ana shajara yake.

Jambo dogo lililofanana na hilo lilikuwa picha za vibarua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia kampuni ya ujenzi, na picha ya kazi haihitaji sura ya mtu. Maelekezo kwenye kamera yakawa “Piga kazi, si watu”.

Majaribio yalifanywa kwanza kwa karatasi, kila karatasi ikiwa ukurasa mmoja, na fomeni, stoo kipa na fundi mkuu wakigusa karatasi kana kwamba ni kioo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya programu, aliwahi kueleza kwamba watumiaji watano hutosha kufichua kasoro nyingi za muundo. Sisi hatukufika hata watano na kasoro zilitutosha. Stoo kipa ndiye aliyegundua kwamba “Kimefika” kilidhani mzigo wote hufika mara moja, wakati nondo huja nusu leo na nusu kesho huku hati ya kupokelea ikiwa moja. Fundi mkuu aliuliza itakuwaje kama agizo analipewa yeye wakati fomeni hayupo. Lilikuwa swali zuri kuliko yote, kwa sababu ndivyo wakaguzi wengi wanavyofanya: wanamwambia aliye karibu. Kila mwenye simu saitini akapewa ruhusa ya kuandika, na ruhusa ya kuandika barua ikabaki kwa meneja.

Ni vema kukumbuka kwamba wakandarasi wa nchi hii si wageni wa mifumo. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zimehamia katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, na ofisi ya kampuni hii iliutumia bila shida. Lakini mfumo wa zabuni hutumiwa na mtu aliyeketi, mwenye umeme, mwenye muda mpaka siku ya mwisho iliyotangazwa. Usimamizi wa mkataba una siku za mwisho ambazo hazitangazwi na mtu. Zinazaliwa na mvua, na sentensi ya mkaguzi, na lori lililokwama. Programu iliyonunuliwa mwanzo ilikuwa imechukua umbo la mfumo wa zabuni na kuliweka juu ya usimamizi wa mkataba.

Kuhusu fedha za Igunga, hakuna kilichorudi zaidi ya mitaro ile yenye fomu za ukaguzi. Kilichobadilika kinaonekana katika maagizo yaliyofuata, ambapo barua za uthibitisho zilipelekwa ndani ya muda na mbili kati yake zilijibiwa na mshauri kwa kukana kwamba alisema hivyo, jambo ambalo pia ni faida, kwa kuwa kazi ilisimamishwa kabla ya kugharimu. Mwakilishi wa mshauri mwenyewe alianza kuuliza, kabla ya kuingia garini, kama maneno yake yameandikwa sawasawa.

Suala ambalo bado halijatatuliwa vizuri ni la kuhesabu siku zenyewe. Katika masharti haya siku ni siku ya kalenda, lakini zile mbili za uthibitisho ni siku za kazi, na ni lazima anayefungua mkataba aamue kwa kuusoma kama Jumamosi inahesabiwa. Sikukuu za Idd hutegemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo haziwezi kupachikwa mapema kwenye kalenda ya programu kwa uhakika. Kampuni sasa ina kazi nyingine Urambo yenye mkataba wa masharti tofauti na muda tofauti kwa kila taarifa. Tumeacha muda huo ujazwe kwa mkono wakati wa kufungua mkataba, na watu wawili, meneja na mkadiriaji majenzi, wausome kila mmoja peke yake na kuingiza anachokisoma. Tarakimu zikitofautiana, programu inakataa kufungua mkataba mpaka wakae pamoja na kifungu chenyewe mezani.